Suti Iliyotangulia Krismasi

Funguo za nyumba ya mwanangu Wenseslaus hukaa kwangu. Nazifunga kwenye pindo la kanga, na mwaka mzima kazi yake ni kunigongagonga gotini nikikata majani ya ng'ombe. Nyumba yenyewe ameijenga humu humu kihambani kwetu Uru, shamba la ukoo tunaloishi, hatua chache kutoka kwangu: paa la vigae vya rangi ya damu ya mzee, madirisha ya alumini, na chini marumaru inayoteleza hata ukivaa soksi. Yeye anakaa Dar es Salaam. Huja Krismasi, kama watu wote wa huku, analala siku zake chache, kisha anarudi, nami nabaki nafuta vumbi la nyumba isiyo na mtu.

Yangu mimi ni ya matofali ya udongo, bati limepauka, jiko la kuni liko nyuma na banda la ng'ombe limelala ubavuni mwa jiko. Na nikwambie kitu: Wenseslaus akija, na jiko lake la gesi lote lile, anakula kwangu. Anasema mtori, supu yetu ya ndizi, ukipikwa kwa gesi hauna ladha.

Basi Desemba ilipoanza, mjukuu wangu Violet alipanda kutoka mjini. Violet ni binti wa kitinda mimba wangu, Basili, anayebeba mizigo ya watalii mlimani. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado hajaota meno ya mbele, nikamlea mimi. Sasa anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, na amepanga chumba kule mtaa wa Soweto. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akawa anachokoachokoa majivu na kijiti. Nikamwacha. Mtoto akichokoa majivu ana neno, na neno la mtoto halivutwi.

"Bibi, kuna mtu," akasema mwishowe.

"Watu wapo wengi. Huyo wa wapi?"

"Wa Machame. Anaitwa Filbert."

"Mlutheri."

"Bibi."

"Nimesema Mlutheri, sijasema mwizi. Anafanya kazi gani?"

"Mambo ya nguo. Nafikiri ana duka Bomang'ombe."

"Unafikiri?"

"Sijamuuliza sana. Lakini Bibi, ungemwona. Tangu tukutane kwenye harusi ya kina Hellen, kila siku ana suti nyingine. Hajarudia hata moja."

Nikasukuma kuni ndani. "Maskini. Hata moja ya kurudia hana?"

Hakucheka. Hapo nikajua jambo ni zito. Akanieleza, na macho yake yakiwa kwenye majivu. Filbert aliona picha kwenye simu yake, amesimama mbele ya nyumba ya Wenseslaus. Akauliza, hapo ndipo kwenu? Violet akaitikia. Sasa kijana anataka kuleta watu wake, waje na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kubisha hodi. Violet akajaribu kuwaelekeza Soweto, lakini shangazi wa kijana akakataa kabisa, akasema pombe ya kumwomba binti hainywewi kwenye chumba cha kupanga, inapelekwa kihambani kwao.

"Shangazi ana akili," nikasema. "Na hukudanganya. Kihamba ni kimoja."

"Bibi, hakuuliza kihamba. Aliuliza nyumba." Akainua uso, akatazama ukuta uliojaa masizi, kuku wangu aliyekuwa akiatamia kwenye kapu, kikaango kilichoning'inia kwenye msumari. "Mtu wa suti zile akifika hapa, atasimama mlangoni, atasema asante, atageuza gari. Mimi nampenda, Bibi. Hilo neno umewahi kunisikia nikilisema juu ya mtu?"

Sikuwahi kulisikia. Nikafungua pindo la kanga, nikamwekea funguo kiganjani.

"Mgeni anakaribishwa pazuri, hilo si kosa," nikamwambia. "Lakini mimi uongo sisemi. Wakiniuliza nyumba ni ya nani, nitajibu."

"Hawatakuuliza."

Wenseslaus tulimtarajia jioni ya mkesha wa Krismasi. Wageni tukawapangia siku mbili kabla. Ilionekana nafasi ya kutosha hata ya kufuta nyayo.

Sasa nikwambie yale ambayo siku hiyo hatukuyajua, ila kijana mwenyewe alinisimulia baadaye. Filbert hakuwa na duka. Alikuwa fundi cherehani wa kuajiriwa, anakaa barazani kwa fundi mkuu pale Bomang'ombe, anashona vifungo na mifuko. Suti zote zile zilikuwa za wateja. Inaisha Alhamisi, mwenyewe anaifuata Jumatatu, Jumapili inakwenda kanisani na Filbert. Anaivaa kwa adabu, haketi ovyo, hali mchuzi, anairudisha imepigwa pasi kuliko ilivyokuwa. Mara ya kwanza alitaka tu apendeze harusini. Ndipo akamkuta Violet, na Violet akamwuliza kama suti ile ni ya Ulaya. Toka hapo angerudije na shati lake la kola iliyochakaa?

Kwa siku ya kuja kwetu alichagua suti moja nzuri kuliko zote: ya buluu iliyoiva, kitambaa kizito, ndani ina bitana ya kitenge chekundu. Ilikuwa ya bwana mmoja mnene wa Dar es Salaam ambaye hushonesha pale, kwa kuwa akishuka uwanja wa ndege wa KIA lazima apite Bomang'ombe ndipo afike Moshi. Bwana huyo angeifuata mkesha wa Krismasi. Mwilini mwake wangeingia Filbert wawili na nusu, basi kijana akaipunguza kwa bandi, zile nyuzi ndefu za muda wanazopiga mafundi kabla ya kushona kweli. Akaupunguza mgongo, akapunguza mikono, akakunja kiuno cha suruali. Kwa mbele ukimtazama, ni bwana harusi. Kwa nyuma, kama bitana ingeweza kusema, ingesema.

Bila shaka umeshajua bwana yule mnene ni mwanangu. Sisi hatukujua.

Siku ikafika. Nilipika mtori kwangu, kwenye kuni, halafu nikaubeba nimeufunika na kitenge hadi mlango wa nyuma wa nyumba ya Wenseslaus, kama naiba chakula changu mwenyewe. Violet alikuwa ametandika meza, ameweka sahani za maua ambazo mke wa Wenseslaus hataki hata zitazamwe. Shemeji yangu Primus naye alikuja, kwa kuwa baba wa mtoto, Basili, alikuwa juu mlimani na wageni. Alituma neno tu pokeeni pombe, mengine yangojee ashuke. Primus alikuwa katekista miaka mingi. Amestaafu, lakini sala haikustaafu. Parokia nzima inafahamu kwamba Primus akianza kuombea chakula, chakula cha moto huliwa cha baridi.

Wakaja na Noah nyeupe ya kukodi. Akashuka kwanza shangazi, Mama Yuditha, mama wa rika langu, kitambaa kichwani, dumu la mbege mkononi limezibwa na jani la mgomba. Akashuka Filbert. Nikwambie ukweli, moyo wangu mzee uliruka. Alikuwa mrefu, ametulia, amependeza, na anatembea wima kabisa, hainami hata kuangalia anapokanyaga. Nikafikiri ni maringo. Kumbe anaogopa bandi isikatike.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibuni."

Mama Yuditha akavua viatu mlangoni kwa heshima, akakanyaga marumaru, akateleza, akajishika kwenye pazia. Tukamkalisha. Akazungusha macho kwenye dari, kwenye taa, kwenye televisheni pana kama mlango. Kisha akanusa hewa.

"Nyumba nzuri, mama. Lakini jiko lenu liko wapi? Sisikii moshi."

Violet akanitazama. Mimi nimesema uongo sisemi.

"Jiko liko nyuma," nikajibu. Na liko nyuma. Sikusema nyuma ya wapi.

Wakati ule Wenseslaus alikuwa ameshatua. Alipata nafasi kwenye ndege ya siku mbili kabla, akaona atushtue kwa furaha. Akapita Bomang'ombe kuchukua suti yake, fundi mkuu akatafuta kwenye kamba, akatafuta kabatini, akasema imepelekwa kupigwa pasi. Akaja kwetu akiwa amenuna, na gari lake la kukodi likamshusha barabarani kwa sababu Noah ilikuwa imeziba njia. Akakata kwa migombani na mkoba wake, akaingia kwa mlango wa nyuma niliouacha wazi kwa ajili ya mtori.

Sisi tulikuwa tumesimama kuizunguka meza. Primus ameshafumba macho.

"Tusali," akasema.

Mimi husali jicho moja wazi. Ni kwa sababu ya sufuria, na Mungu ananielewa. Basi kwa jicho hilo nikamwona mwanangu anatokea mlango wa jikoni, mkoba mkononi, mdomo wazi tayari kusema. Lakini kwetu hakuna mtu aliyewahi kumkatiza Primus akisali, hata mvua haimkatizi. Mdomo wa Wenseslaus ukabaki wazi bila sauti.

Nilipokuwa binti, padri mmoja alikuwa akitandika shuka ukutani na kutuonyesha picha za zamani zisizo na sauti. Watu wanakimbia, wanaanguka, wanatongozana kwa mikono na nyusi, nasi tunacheka mpaka tunakaa chini. Sikudhani nitaziona tena, tena bure, mezani kwa mwanangu.

Primus alikuwa anaombea marehemu, mmoja mmoja kwa jina. Wenseslaus akaangalia kitambaa chake cha meza. Akaangalia sahani za mkewe. Akaanza kumwangalia Violet, na Violet akafumbua macho. Akamwona. Uso ukamwisha damu. Wenseslaus akaonyesha kidole chini: nyumba yangu? Violet akakutanisha viganja kifuani, akamsihi kwa nyusi. Wenseslaus akanionyesha kidole mimi. Nikalifumba lile jicho langu moja.

Nilipolifumbua, Primus alikuwa amefika kwenye kahawa na bei yake, na Wenseslaus alikuwa ameona suti. Alisimama nyuma ya Filbert, kichwa amekipinda, kama mtu aliyekutana na nduguye sokoni akiwa amebebwa na mtu mwingine. Akagusa ukosi. Akafunua kidogo pindo la koti, akaona kitenge chekundu. Kisha akaona uzi. Ulikuwa umechomoza mgongoni, mrefu, mweupe, unaning'inia. Nani angeuacha? Akauvuta.

Bandi ikafunguka kuanzia shingoni hadi kiunoni bila kelele. Koti likamwagika. Mabega yakashuka viwikoni, mikono ikameza viganja, na kijana mwembamba akabaki katikati kama mtoto aliyejifunika blanketi. Akafumbua macho, akageuka, akamtambua mteja wake. Alidhani amefuatwa kutoka Bomang'ombe. Akavua koti taratibu, akalikunja vizuri, mshono juu ya mshono, bitana nje, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Wenseslaus akalipokea. Akaonyesha suruali.

Filbert akatikisa kichwa: hapana, mzee, si hapa. Akaishika kiunoni kwa mikono yote, maana na huko uzi ulikuwa umeanza safari. Violet alikuwa anamtazama Filbert, anamtazama baba yake mkubwa, haelewi kwa nini koti limebadilisha mwenyewe. Alidhani ni adhabu yake yeye, kwamba mgeni anavuliwa nguo kwa sababu ya nyumba. Machozi yakamlengalenga.

"Amina," akasema Primus.

Wenseslaus akavuta pumzi.

"Na sisi tuongeze kidogo," akasema Mama Yuditha, macho bado amefumba. Hakukubali Mkatoliki amshinde kwa urefu. Akaanzia kwenye uumbaji.

Wenseslaus akarudisha pumzi. Tukasimama wote, koti begani kwake, suruali mikononi kwa Filbert, machozi machoni kwa Violet, na mtori ukipoa. Mimi nilikuwa nauma pindo la kanga ili nisicheke. Mama wa watu aliombea wasafiri, akaombea wajane, akaombea vijana wapate haya na ukweli. Aliposema ukweli, Filbert na Violet wote wawili waliinamisha vichwa zaidi.

"Amina."

"Hiyo suti ni yangu," akasema Wenseslaus.

"Ni kweli, mzee," akasema Filbert. "Shikamoo."

"Marahaba. Na hii nyumba ni yangu."

Filbert akamgeukia Violet. "Huyu ndiye baba yako?"

Violet alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, viatu vyake vya kisigino vikabaki kwenye marumaru, kimoja huku kimoja kule. Filbert akaangalia mlango ule, akamwangalia mteja wake, naye akatoka mbio kwa mlango wa mbele, mikono kiunoni.

"Suruali!" akapiga kelele Wenseslaus, akamfuata.

Nami nikafuata. Primus akafuata na fimbo yake. Mama Yuditha hakufuata. Nasikia alikaa, akajipakulia.

Kihamba chetu kimeshuka kwenye mteremko, na mfereji unakikata katikati, ule mfongo wa wazee unaoleta maji kutoka juu. Siku ile ilikuwa zamu yetu ya maji, nao umejaa hadi ukingoni. Filbert akapita kati ya migomba, akapita kwenye kahawa, akaruka mfereji akiwa ameshika kiuno, akavuka. Mwanangu hakuvuka. Ana viatu vya mjini, na majani ya mgomba yaliyolowa hayana urafiki na viatu vya mjini. Miguu ilitangulia, yeye akafuata, akakaa kwenye maji hadi kifuani, koti bado begani.

Nilifika juu ya ukingo wakati Filbert anageuka. Angeweza kwenda. Njia ya barabarani ilikuwa wazi mbele yake, na mimi na Primus tusingemkamata hata kwa maombi. Akarudi. Akainama mferejini, akamnyooshea mwanangu mikono yote miwili.

Yote miwili, umeelewa. Suruali ikabaki bila mlinzi. Ilishuka kwa heshima zote hadi vifundoni, na alipokuwa anamvuta Wenseslaus, akateleza akaingia naye, na maji yakaivua kabisa. Walipotoka, mmoja alikuwa anachuruzika matope na mwingine amesimama kwa shati, tai, na bukta ya kijani ya kuchezea mpira. Suruali ya Krismasi ilikuwa inashuka na maji, mguu mmoja mbele, mguu mmoja nyuma, kama inawahi misa.

"Inakwenda," akasema Primus.

Filbert akaikimbilia ukingoni. Nami nikamfuata pole pole, kwa sababu nilijua mfereji unakwenda wapi. Unapita nyuma ya banda langu.

Violet alikuwa pale. Alikuwa amevua gauni lake, amejifunga kanga yangu ya zamani, amevaa mabuti ya mpira, na anateka maji ya ng'ombe, maana jioni ilikuwa imefika na ng'ombe haulizi mtu amevunjika moyo au la. Alikuwa analia huku anateka. Ndoo ikaja na suruali.

Akaitazama. Akainua macho. Filbert akasimama upande wa pili wa maji, na bukta yake. Ng'ombe wangu alitoa kichwa bandani akawatazama wote wawili.

"Mimi ni fundi cherehani," akasema Filbert. "Sina duka. Nakaa barazani kwa mtu. Zile suti zote si zangu. Hata hii tai si yangu."

Violet akaikamua ile suruali, mguu mmoja, kisha wa pili. Halafu akaelekeza kidevu kwenye nyumba yangu.

"Mimi nimekulia pale. Ile ya vigae ni ya baba mkubwa. Baba yangu anabeba mizigo ya wazungu."

Filbert akaangalia bati, akaangalia jiko. "Pale panapotoka moshi?"

"Pale."

"Shangazi amekuwa akiutafuta huo moshi tangu tumefika," akasema.

Violet akacheka, kicheko cha mtu ambaye pua bado imejaa machozi. Akamnyooshea suruali. Filbert hakuichukua kwanza. Alisema, "Kama ningejua ni pale, nisingekuja na suti. Nilikuwa naogopa vigae vyako, Violet. Usiku nilikuwa silali kwa ajili ya vigae vyako."

"Na mimi kwa ajili ya suti zako."

Ndipo Filbert akaipokea suruali, akavuka upande wetu. Kijana akasema kwanza lazima amwombe mzee msamaha, na amwombe inavyotakiwa. Akatazama huku na huku, akaona ua wa masale, akavunja jani, akaanza kulifunga fundo kama desturi. Kwetu mtu akikuletea jani la masale lenye fundo, hata angekukosea vipi, huwezi kumfukuza.

Ila alivunja kwa pupa, na shina zima likang'oka na mizizi.

"Umeshika nini hapo?" nikauliza.

"Masale, Bibi. Ya kumwomba msamaha mzee."

"Na umeyatoa wapi?"

Akageuka, akaona shimo. Ua ule ndio mpaka wetu. Tuliupanda mimi na marehemu mume wangu kabla Wenseslaus hajazaliwa, na jirani wa chini kila mwaka huja kuutazama kama umekauka mahali ili asogeze mgomba wake. Kung'oa masale ya mpaka ni kesi. Watu wamefikishana kwa mtendaji wa kata kwa pungufu ya hilo.

Rangi ya kijana ikabadilika. Wamachame nao wana mipaka, alijua alichofanya. Akapiga goti pale pale kwenye tope, na bukta yake, akanipa lile jani kwa mikono miwili.

Ningefanya nini? Nililipokea.

"Nimekusamehe," nikasema. "Sasa umebaki bila jani la kumpa mwenye suti."

Akautazama ua tena.

"Usithubutu."

Violet alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Mwishowe nikamrudishia lile lile. Nilipomuuliza Primus baadaye kama jani moja linaweza kuomba msamaha mara mbili, alisema hajawahi kusikia, lakini pia hajawahi kusikia limekatazwa.

Wenseslaus tulimkuta jikoni kwangu, kwenye kigoda kile kile cha Violet, amejifunika blanketi, miguu karibu na moto. Mama Yuditha alikuwa naye. Kumbe alipomaliza mtori wa kule mezani alifuata harufu ya moshi hadi alipoufikia, akakuta sufuria ya pili, akampakulia mwanangu bila kumuuliza ni nani.

Filbert na Violet wakaingia, wamelishika jani pamoja, yeye upande wa fundo, Violet upande wa ncha. Wakapiga magoti. Wenseslaus aliwatazama kwa muda mrefu, akakitafuna kipande cha ndizi polepole, makusudi.

"Wewe binti. Kwa nini hukuniomba tu nyumba?"

"Ungesemaje, Baba mkubwa?"

Akafikiri. "Ningekataa."

Mama Yuditha akacheka mpaka akashika mbavu. Wenseslaus akajizuia, akashindwa, akacheka na yeye, akalichukua jani. Kisha akainua kidole kwa Filbert.

"Lakini Krismasi naingia kanisani na suti. Kila mtu Uru nimeshamwambia. Na sasa koti limejaa tope, suruali inanuka ng'ombe."

"Una cherehani, Bibi?" Filbert akaniuliza.

Ninayo, ya mkono, ya tangu nilipoolewa. Tukaitoa chini ya kitanda. Violet akaifua suti kwa maji ya moto, ikakauka juu ya moto, na kijana, amevaa suruali ya marehemu mume wangu iliyomfikia katikati ya ugoko, akakaa mlangoni chini ya taa akaanza kuirudisha kwenye mwili wa mwenyewe. Wenseslaus alisimama mbele yake amenyoosha mikono kama mtu anayepekuliwa, akilalamika kwamba kiuno kinabana, na Filbert akimjibu kwamba kiuno hakijabadilika, mzee, kilichobadilika ni huo mtori. Hakuwa tena mtu wa kutembea wima. Alikunja mgongo, ameweka pini mdomoni, na nikaona kwamba ni mzuri kuliko alivyoshuka kwenye Noah. Violet naye aliona. Alikuwa anamshikia uzi, ingawa uzi ule haukuhitaji kushikwa.

Dumu la mbege likahamishwa kutoka kwenye marumaru likaletwa jikoni.

"Hapa sawa," akasema Mama Yuditha, akiketi kwenye mkeka. "Kule ningevunjika nyonga kabla ya mahari. Mama, sasa naweza kukuuliza. Hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema. "Na huyu ni mjukuu wangu, amekulia humu."

"Basi hodi," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Akachota kwa kata, akaonja kwanza mwenyewe kama inavyotakiwa, akanipa. Nikanywa. Ilikuwa mbege nzuri, ulezi umeiva. Nikampa Primus, Primus akampa Wenseslaus, na Wenseslaus akanywa mikono ikiwa bado imenyooshwa, kata ameshikiwa mdomoni na mkwe wake mtarajiwa.

Basili akishuka mlimani atakuta binti yake ameshabishiwa hodi. Ya mahari watayazungumza wanaume, waongee mpaka wachoke.

Primus akajifuta povu kwenye masharubu, akasimama.

"Tusali," akasema. "Tushukuru."

Mama Yuditha akajiweka sawa kwenye mkeka kama mtu anayejua zamu yake inakuja. Wote wakafumba macho. Mimi nikaacha jicho langu moja, kwa ajili ya sufuria. Nikaona cherehani imesimama, pini zimetolewa mdomoni, na mkono wa Violet umeondoka kwenye uzi.

Sufuria ilikuwa salama. Nikalifumba na lile la pili.